Pimbi, Kiboko na Maboga ya Ada ya Helikopta

Kaeni!
— Tumekaa!
Aliyesimama?
— Na aketi!
Aliyeketi?
— Na asogee!
Aliyesogea?
— Na asikie!

Basi sikieni. Na wewe unayecheka huko nyuma, cheka sasa umalize, maana ngano hii haipendi kukatizwa.

Zamani, zamani ile ninayopenda kuisimulia kwa sababu hakuna aliyebaki wa kunibishia, palikuwa na Pimbi. Pimbi mnamjua: mdogo, hana mkia, hana kwato za maana, lakini maneno anayo. Alizaliwa juu ya Jiwe Kuu, katikati ya mto, akalelewa na bibi yake. Asubuhi walitoka pangoni, bibi na wajukuu, wakajianika juu ya jiwe mpaka matumbo yakapata moto. Walikaa tu, wameegemeana, wamefumba macho. Mimi nikifika hapa moyo huniuma kidogo, kwa sababu na mimi niliwahi kuegemea mgongo wa mtu namna hiyo, na sikujua kwamba kuna siku utaondoka.

Mwaka mmoja mvua ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Mto ukafurika, vuuu! Ukawazoa pimbi wote wadogo ukawatupa ng'ambo. Bibi akabaki peke yake juu ya jiwe.

Maji yalipopungua, pakabaki kivuko kimoja. Na katikati ya kivuko amelala nani?

Kiboko! Amelala pua juu, masikio juu, tumbo limeziba njia yote.

"Nani anapita?"

"Ni mimi, naenda nyumbani."

"Maboga kumi!"

"Sina maboga kumi, mzee."

"Rudi ulikotoka!"

Ukibisha alikupiga kikumbo, chubwi! Kiboko akala maboga, akalundika maboga, lundo likawa kubwa kuliko yeye mwenyewe, na bado akipiga kelele, "Maboga kumi!" Pimbi hakuwa na shamba. Pimbi hakuwa na hata mbegu. Alikaa ukingoni akiitazama nukta ndogo juu ya Jiwe Kuu, na ile nukta ndiyo ilikuwa bibi yake. Bibi alikuwa anazeeka, na anayezeeka hasubiri mtu.

Siku moja akasikia, faka-faka-faka-faka! Akatazama juu. Mwalimu Kerengende, mwenye chuo cha urubani kule kilimani, alikuwa anashusha helikopta juu ya jiwe lisilozidi meza. Ikasimama hewani kwanza, imetulia, kisha ikakaa taratibu.

Pimbi akamkimbilia. "Mwalimu, hiki chombo kinahitaji kivuko?"

"Kivuko cha nini? Kinahitaji rubani."

"Na rubani anahitaji nini?"

"Masomo. Na masomo yanahitaji ada. Maboga mia mbili."

Maboga mia mbili! Aliyekosa kumi atayatoa wapi mia mbili? Lakini Pimbi hakulia. Akaanza kupita kwa wenzake.

Akaenda kwa Nyumbu. "Nichangie, nikasomee helikopta."

Nyumbu akakuna shingo. "Ungekuwa unaoa, tungekuundia kamati leo leo. Lakini kusoma? Hali ngumu, ndugu yangu."

Akaenda kwa Ngiri. "Nichangie, nikasomee helikopta."

Ngiri akakohoa. "Ungekuwa umefiwa, ningekuja na unga na kuni. Lakini kusoma? Hali ngumu, ndugu yangu."

Akaenda kwa Kobe. Kobe alipomwona tu akaingiza kichwa ndani, akajibu kutoka humo humo, "Sipo! Na hali ngumu!"

Mnacheka? Chekeni. Ninyi mlishachangia keki ngapi, na daftari ngapi?

Basi Pimbi akarudi mtoni, akasimama mbele ya Kiboko, akapiga magoti.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Maboga kumi!"

"Sipiti, mzee. Nimekuja kukuonea huruma."

Kiboko akatoa kichwa chote majini. "Kunionea mimi huruma?"

"Ndiyo, mzee. Hapa unakula maboga ya wapita njia tu. Juu kule mtu anaona mashamba yote, hili hapa, lile pale, maboga yamelala kama mawe. Nikishajua kurusha helikopta nitakupakia, uyaone yote, ushuke unakotaka."

Mate yakamtoka Kiboko, chururu. "Nipakie leo!"

"Leo sijui kurusha. Halafu wewe, mzee, usinielewe vibaya... pale chuoni kuna mzani. Mzani una alama nyekundu. Mshale ukipita alama, hupandi."

"Sasa mimi nitapandaje?"

"Utapunguza. Kila siku acha boga moja usile. Lakini boga ulilolikataa usiliweke karibu, litakuita. Nipe mimi nilipeleke mbali."

"Mbali wapi?"

"Kwa Mwalimu Kerengende. Hapo hutalisikia."

Kiboko akafikiri. Kiboko akifikiri maji hutoa mapovu. Mwisho akasema, "Chukua. Lakini tuandikiane."

Wakaandikiana: Pimbi akishakuwa rubani, abiria wake wa kwanza ni Kiboko, mradi mshale usipite alama nyekundu. Pimbi akaweka kidole, Kiboko akaweka mguu, karatasi ikachanika kidogo.

Kesho yake Pimbi akachukua boga moja, akalipa somo moja. Keshokutwa boga moja, somo moja. Na Kiboko, kwa uroho wake wa kupaa, akawa haamini mtu. Kila alfajiri alijikokota mpaka kilimani kujipima mwenyewe, tindi, tindi, tindi, na kurudi jua likizama. Alipoona lundo lake tumbo lilinguruma, ngrrr, na Pimbi alimwimbia:

"Acha moja, mzee, acha moja,
Mawingu juu yanakungoja!"

Kiboko akaacha moja. Kisha akaacha mawili, apae haraka. Kisha matatu.

Hewani nako Kerengende hakuwa na mchezo. "Macho mbele! Mkono mwepesi! Unaangalia nini chini, umedondosha kitu?" Wiki ya kwanza helikopta iliyumba, Pimbi akatapika. Wiki ya pili ikayumba, Pimbi akameza. Mwezi wa tatu ikasimama hewani imetulia, faka-faka-faka. Pimbi akalia machozi, kwa sababu utulivu ule aliujua: ulikuwa kama ule wa asubuhi, mgongoni kwa bibi.

Miezi sita ikaisha. Ada ikaisha. Pimbi akapewa kofia na cheti. Kiboko akaja amekonda, ngozi inaning'inia, macho yametoka. Akapanda mzani. Kwiiii! Mshale ukapanda, ukapanda, ukasimama unywele mmoja chini ya alama nyekundu.

"Nimeshinda!" akanguruma. "Nipakie!"

"Hongera, mzee," Pimbi akasema. "Mkataba ni mkataba. Usishuke mzanini, naiwasha helikopta sasa hivi. Ila kuna boga moja la mwisho hapo kando, nimeliweka la njiani. Tutalila pamoja tukiwa juu."

Mwenzangu, Pimbi hakudanganya hata neno moja. Boga lilikuwa la njiani kweli. Ila alilichagua lililoiva, lenye harufu, na akaliweka pale panapofikiwa na mdomo.

Kiboko akalitazama boga. Akatazama pembeni. Akalitazama tena.

Kwachu!

Mshale ukasema, kwii, ukapita alama nyekundu.

"Nalitapika!" Kiboko akalia. "Nalitapika sasa hivi!"

"Mzee, karatasi haisemi kutapika." Na faka-faka-faka-faka, Pimbi huyo! Vumbi likamwingia Kiboko mdomoni, akalimeza nalo.

Pimbi akapita juu ya miti, akapita juu ya mto, akaliona Jiwe Kuu. Lilikuwa dogo! Siku zote alilikumbuka kubwa kama mlima, na sasa lingeenea kwenye kiganja. Akashusha taratibu, kama alivyofundishwa.

Akakuta jiwe limejaa. Binamu zake wote wapo, wamejianika, wanapiga miayo.

"Mmefikaje?" Pimbi akauliza.

"Kwa miguu," wakamjibu. "Tangu Kiboko aanze kwenda kujipima, kivukoni mchana hakuna mtu. Maji yanafika magotini. Tuna miezi mitano hapa."

Pimbi akavua kofia. Hakujua aiweke wapi.

Kutoka pangoni ikaja sauti. "Nani huyo mwenye makelele?"

"Ni mimi, Bibi."

"Wenzako walikuja zamani. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natafuta ada, Bibi."

Bibi akatoka akipapasa ukuta. Macho yake yalikuwa meupe. "Mwezi uliopita bado nilikuwa naona watu kwa mbali," akasema. "Kila anayevuka nilidhani ni wewe. Sogea nikushike." Akamshika masikio, akamshika mgongo, akamshika mbavu. "Umekonda. Huko chuoni hawapiki?"

Pimbi akambeba bibi yake, akamweka kwenye kiti cha mbele, akamfunga mkanda. Faka-faka-faka-faka, wakapanda.

"Tuko juu?" Bibi akauliza.

"Tuko juu, Bibi."

"Niambie unaona nini. Ule mkuyu wa babu yako upo?"

Pimbi akatazama chini. Palipokuwa na mkuyu palikuwa na shimo na matope.

"Upo, Bibi. Umejaa kuyu, ndege wamejaa. Na chini yake wamekaa wazee, wanacheza bao."

Bibi akatabasamu, upepo unampiga usoni.

"Muongo mkubwa wewe. Ule mkuyu niliuona ukianguka, kwa macho yangu haya, siku ya mafuriko." Akamtafuta mjukuu wake kwa mkono, akamshika bega. "Haya, endelea. Nani anashinda bao?"

Nimeitua hapo. Mkiulizwa nyumbani ngano ya leo imefunza nini, semeni hivi: maliza boga lako sahanini, ukibakiza utamsomesha mwingine. Na uongo ni dhambi kubwa sana, hasa ukimwambia bibi yako.

Mwenye bibi?
— Na amwendee!
Kwa helikopta?
— Kwa miguu!
Asiye na bibi?
— Na aje kwako!
Basi njooni.