Mpira Uliosikika Ukunguni

Sogeeni, na aliye mlangoni aingie kabisa, maana hadithi hii nikiianza siirudii nyuma.

Palikuwa na timu ya wanawake ya Ligi Kuu iliyoitwa Mawingu, katika mji mdogo wilayani Rungwe, kule ambako ukungu huamka kabla ya watu na siku nyingine hushinda nao. Katibu wa timu alikuwa Bi Subilaga, mama wa makamo asiyependa kuinua sauti. Chini yake walikuwepo vijana watatu walioshughulikia kurasa za timu mtandaoni, na wote watatu walikuwa na ndoto moja: siku moja kuifanya kazi hiyo katika klabu kubwa, yenye mashabiki nchi nzima.

Sekela alijaliwa jicho. Akikupiga picha ukiwa umechoka na jezi imekuchafukia, ulijitazama ukadhani ni mtu uliyewahi kumwota.

Gwamaka alijaliwa sauti na maneno. Akitangaza vikosi uwanjani, hata majina ya wachezaji wa akiba yalisikika kama ya mashujaa.

Lugano hakuwa na jicho wala sauti ya namna hiyo. Yeye alijaliwa kuwajua watu asiowaona: nani hufungua simu saa ngapi, nani yuko mbali na anakumbuka nyumbani, nani ukimjibu kwa jina lake atarudi tena kesho.

Msimu ule majukwaa yalikuwa matupu. Wachezaji walifunga magoli wakashangiliwa na wenzao wa benchi tu. Mdhamini akamwambia Bi Subilaga waziwazi, "Mama, timu bila watu ni mazoezi. Hali ikiendelea hivi, msimu ujao tutaihamishia mji mwingine." Bi Subilaga aliitikia kwa adabu, kisha akaenda kukaa peke yake kwenye jukwaa, akitazama majani ya uwanja aliyoyapigania miaka yote ile.

Jumamosi moja, katikati ya mechi, ukungu ukashuka. Haukuja kwa vishindo. Ulipita juu ya goli la kusini, ukameza vibendera vya kona, ukawafunika wachezaji mmoja mmoja. Mwamuzi alikuwa anafikiria kusimamisha mchezo. Mpiga picha wa timu ngeni alishafunga begi lake. "Dada, twende zetu," alimwambia Sekela, "hapa hakuna cha kupiga."

Sekela hakuondoka. Alizunguka mpaka nyuma ya goli, akawasha video, akaelekeza kamera kwa Bupe, kipa wa Mawingu. Bupe alikuwa amesimama peke yake katika weupe ule, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Hakukuonekana mpira wala adui. Mara akaruka upande wa kushoto, mikono mbele, na mpira ukatokea kwenye ukungu ukatua viganjani mwake, kana kwamba ulikuwa umeitwa. Filimbi ikalia. Sekela akaishusha kamera.

Gwamaka aliitazama video ile mara mbili. Kisha akaingia chini ya blanketi ili kelele za nje zisiingie, akairekodi sauti yake. Wenzake walitarajia apige kelele za mtangazaji. Yeye alinong'ona, kama mzazi anayembembeleza mtoto: "Kwetu kuna siku mpira hauonekani. Unasikika. Njoo usikilize."

Sekela na Gwamaka walitaka irushwe jioni ileile. Lugano akakataa.

"Leo timu kubwa zinacheza Dar," alisema. "Nani atatuona?"

"Kwa hiyo tungoje mpaka lini?" Gwamaka alifoka.

"Kesho mchana. Watu wametoka kanisani, wamekula, wamejilaza. Hiyo ndiyo saa mtu aliye mbali anawaza kwao."

Walinuna, lakini walingoja. Kesho yake Lugano aliirusha, akaipeleka katika makundi ya wana-Rungwe waliotawanyika Dar, Mwanza na Lusaka. Watu walipoandika, akamjibu kila mmoja. "Mama yako bado yuko kule juu, karibu na shamba la chai? Basi mlete mechi ijayo." Wiki nzima alijibu, hata chakula alikula kwa mkono mmoja.

Mechi iliyofuata, Bi Subilaga alisimama getini asubuhi yenye ukungu. Alisikia nyimbo kabla hajamwona mtu. Kisha wakaanza kutokeza, wanawake wenye vitenge, wazee wenye miamvuli, watoto begani kwa baba zao, kama vile ukungu wenyewe unazaa watu. Walisema, "Tumekuja kusikiliza." Majukwaa yalijaa. Kabla msimu haujaisha, mdhamini alisema timu haiendi popote.

Basi hapo ndipo simu ikapigwa kutoka Dar es Salaam. Alikuwa mkuu wa masoko wa klabu kubwa, ileile waliyoiota.

"Mama, namtaka aliyeitengeneza ile video. Aje aongoze kurasa zetu zote. Nafasi ni moja. Nitakupigia kesho mchana unipe jina."

"Waliifanya watatu, mwanangu."

"Nafasi ni moja, Mama. Usipokuwa na jina, nitachukua mtu wa hapahapa."

Kesho yake Bi Subilaga aliwaita vijana wake uwanjani, akawaeleza yote bila kuficha.

Sekela alikuwa wa kwanza kusema. "Mama, sitaki kuongopa. Nataka kwenda. Mpiga picha mwenzangu alifunga begi, mimi nikabaki. Kama nisingebaki, kungekuwa na nini?"

"Kungekuwa na picha nzuri watu wanaipita," Gwamaka alisema. "Yale maneno ndiyo yaliyowatoa majumbani. Mpaka leo wanayaimba. Lakini ukimtaja Sekela, Mama, sitanuna." Akafikiri kidogo. "Nitanuna, ila nitapona."

Wakacheka, kisha kicheko kikaisha.

Lugano alikuwa anatazama viatu vyake. "Mimi ndiye niliyewaleta hawa wawili kwenye timu. Sekela alikuwa anapiga picha za pasipoti, Gwamaka anatangaza misiba. Kazi hii niliiota kabla yao. Lakini kazi yangu haionekani. Itazameni ile video mara mia, hamtaniona mle ndani."

"Bila wewe ingekuwa imelala kwenye kamera yangu," Sekela alisema polepole. Lakini hakusema, nenda wewe.

Bi Subilaga alifumba macho. Akajaribu kumwondoa mmoja mmoja. Alipomwondoa Sekela, sauti ya Gwamaka ilinong'ona katika weupe usio na mtu. Alipomwondoa Gwamaka, Bupe aliruka akadaka mpira, na hakuna mtazamaji aliyejua anaitiwa nini. Alipomwondoa Lugano, picha ilikuwepo na sauti ilikuwepo, vinacheza vyenyewe mlimani, na kiti hata kimoja hakijakaliwa. Alipofumbua macho, watoto wake watatu walikuwa wanamtazama, na kila mmoja alikuwa mzuri machoni mwake kuliko jana.

Simu ikaita mkononi mwake. Akaipokea.

"Mama, shikamoo. Nipe jina."

Bi Subilaga akavuta pumzi.

Mimi naishia hapo, kwa sababu wanaosimulia mkasa huu hawakubaliani jina lililotoka. Wapo wanaosema ni la aliyeona wakati wengine hawaoni. Wapo wanaosema ni la aliyeita watu wakaja, na wengine ni la aliyejua wa kuitwa walipo. Sasa nyinyi mmewasikia wote watatu, na yule bwana bado yuko kwenye simu anangoja. Je, ingekuwa ni wewe umeishika simu hiyo, na vijana hao wanakutazama usoni, ungemtaja nani?