Aliyeuziwa Jina Lake

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa wakipika na kuuziana, sikieni wanangu, Bi Kiboko alikuwa na kibanda cha uji na mihogo bondeni. Mgeni akitaka chakula, kinyozi au fundi, alikwenda njia panda kumwuliza Kasuku, maana Kasuku alijua kila mahali. Lakini Bi Kiboko hakuwa akitajwa. Uji ulichacha sufuriani.

Asubuhi moja, ngo, ngo, ngo. Nguchiro huyo mlangoni.

"Shikamoo, Bi Kiboko. Nimetumwa na Kasuku. Jioni anafuta majina ya wasio na wateja."

Bi Kiboko akaweka mwiko chini. "Langu limo?"

"Ndilo linaloanza. Ila mimi na Kasuku tunakula sinia moja. Nikisema neno, utatajwa wa kwanza."

"Nikupe nini, mwanangu?"

"Mimi ni nani hata nidai? Sinia la mihogo tu, kila asubuhi. Ya moto."

Bi Kiboko, ambaye taya zake zingeweza kumeza Nguchiro kumi, akapakua kwa adabu. Watoto wake wakapunguziwa.

Kesho yake Nguchiro akamwambia, "Usiniamini mimi, kahakikishe mwenyewe. Muulize hivi, neno kwa neno: 'Uko wapi uji wa Bi Kiboko wa bondeni, mwenye sikio lililochanika?'"

Akaenda, puu, puu, puu. Akauliza.

Kasuku akamtazama sikio. "Kwa Bi Kiboko."

"Ndiye wa kwanza?"

"Wa kwanza. Na wa mwisho."

Akarudi machozi ya furaha yakimlengalenga, na kila siku akawa anakwenda kulisikia jina lake. Wateja hawakuja.

"Subira," alisema Nguchiro, mashavu yamejaa. "Jina linaota mizizi."

Siku moja Bi Kiboko akamkuta Kifaru, kinyozi wa kichuguuni, amesimama mbele ya Kasuku.

"Yuko wapi kinyozi Kifaru wa kichuguuni, mwenye pembe iliyomeguka?"

"Kichuguuni, kwa Kifaru," Kasuku akajibu. Kifaru akatabasamu.

"Bwana Kifaru," Bi Kiboko akanong'ona, "nawe unajiulizia?"

"Nguchiro kanifundisha. Namnyoa bure, yeye na ukoo wake."

Mara Swala akafika, amechoka na safari. "Chakula kinapatikana wapi hapa?"

"Kwa Nyumbu, kilimani," akasema Kasuku.

Bi Kiboko akamsogelea Kasuku. "Na mimi? Nguchiro hakukwambia?"

"Nguchiro yupi? Mimi nasema ninayoambiwa na waliokula wakashiba. Ninyi wawili mnakuja kila siku kuniuliza njia ya kwenu. Nilidhani mmeanza kusahau, nikawaonea huruma."

Wakubwa wale wakainamisha vichwa. Walipofika kwenye shimo la Nguchiro, hakukuwa na mtu.

Bi Kiboko akamwita Swala, aliyekuwa bado njiani, akampa lile sinia la moto lililokuwa la Nguchiro. Swala akala, akashiba, akapita kwa Kasuku kusema.

Naye Nguchiro, amenenepa na kunyolewa vizuri, alikuwa ng'ambo ya mto akizungumza na Twiga, mshona viatu.

"Unamjua Bi Kiboko? Kamuulize Kasuku jina lake uone. Mimi ndiye niliyempandisha."

Anayekuuzia jina lako mwenyewe, wanangu, hana kingine cha kuuza.