Nani Aliyeiwasha Landrova ya Mzee Mwaijande?

Sogezeni vigoda, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana nikianza sisimami. Hadithi hii naijua kuliko watu wote wa huku Rungwe. Nilikuwepo, na pale ambapo sikuwepo nilikuwa karibu. Shule niliishia darasa la tano. Niliondoka mwenyewe, walimu wakabaki wananisikitikia. Lakini kuhusu gari lile, hata profesa akija atakaa chini anisikilize.

Palikuwa na watu watatu.

Wa kwanza Gwakisa, fundi redio. Huyu Mungu alimpa sikio. Ukipita nyuma ya kibanda chake umevaa kandambili, anakuambia ya mguu gani imelegea. Mvua aliisikia ingali upande wa pili wa mlima.

Wa pili Subilaga, mpika kimpumu. Huyu alipewa pua. Pombe yake hakuionja hata siku moja, aliinama juu ya mtungi, akavuta pumzi, akasema, "Bado, iacheni ilale." Na wanaume waliopitia kusikopitiwa kabla ya kurudi nyumbani walizunguka njia ndefu wasikutane naye.

Wa tatu Tusajigwe, mjane wa Ambokile, mfuma masweta. Huyu alipewa mkono. Aliweka kiganja kwenye ubavu wa ng'ombe akakuambia ndama kalalaje. Mtoto akichemka usiku, mama yake hakutafuta kipimo, alimtafuta Tusajigwe. Maneno alikuwa nayo machache.

Sasa Mzee Mwaijande. Ndiye baba wa huyo Ambokile, na Ambokile alikuwa mtoto wake pekee. Mzee alikuwa na landrova ya petroli, kuukuu, na ndiyo iliyowashusha wagonjwa wa mlima mzima kwenda hospitali. Wanawake walijifungulia humo. Mimi mwenyewe nadai nilizaliwa humo, ingawa mama anakataa.

Abiria wake wa mwisho alikuwa Ambokile. Alimpeleka anahema, akamrudisha amefunikwa shuka. Jioni ya mazishi mzee aliliegesha gari nyuma ya nyumba, akaingia ndani na ufunguo, na hakuna aliyelisikia tena. Nyasi zikaota mpaka kwenye milango. Tusajigwe hakurudi kwao. Alibaki kumtunza babamkwe wake, lakini mnajua mila yetu: mkwe wa kike hamtazami babamkwe usoni, hapiti mbele yake, jina lake halitaji. Kwa hiyo chakula alikiweka mlangoni, akageuka. Mzee alikula, akagonga sahani na kijiko kumshukuru. Walikaa hivyo miaka yote, wawili ndani ya msiba mmoja, na ukuta katikati.

Mzee alipolala akawa hainuki tena, alituita, mimi na Gwakisa na Subilaga. Mchungaji alikaa ukingoni mwa kitanda, sisi tukasimama, Tusajigwe akasikilizia nje ya dirisha.

"Nataka kulisikia gari," mzee akasema. "Nilimleta mwanangu nalo. Siwezi kumfuata nikiwa nimeliacha bubu."

"Baba, pumzika," mchungaji akamwambia.

"Nitapumzika sana, usinihimize." Akavuta pumzi. "Mtoto sina. Nimelala hapa nafikiria udongo. Basi atakayeiwasha landrova, huyo ndiye mwanangu. Huyo ndiye atakayenitupia udongo wa kwanza."

Kwetu udongo wa kwanza hutupwa na mtoto wa marehemu, na kabla yake hakuna jembe linaloguswa. Mwanamume anayeteremka kaburini bila mkono wa mtoto juu yake, huyo tunasema kazikwa kama mpita njia. Mzee aliogopa hilo kuliko kufa.

Akanipa mimi ufunguo. Kwa nini mimi? Kwa sababu niliwahi kuwa utingo wa lori, na kwa sababu nilisimama karibu kuliko wengine. Nikaenda kuazima betri kwenye mashine ya kusaga, nikaifunga, nikakaa kwenye usukani kama waziri. Nikazungusha ufunguo. Injini ikazunguka vizuri, nguu-nguu-nguu-nguu, lakini haikuwaka. Nikarudia. Nguu-nguu-nguu. Haiwaki.

"Betri yako hiyo," Subilaga akanirushia.

"Betri ingekuwa mbovu isingezunguka, mama. Inazunguka, haiwaki tu."

Gwakisa akainua mkono. "Nyamazeni. Zungusha tena." Akachomoa waya wa plagi, akausogeza karibu na chuma cha injini, akatega sikio akiwa amefumba macho. "Moto hausemi. Ungekuwepo ningeusikia, ta, ta, ta. Hapa pamekufa kimya." Akafungua kofia ya distribyuta. Ndani, platini, vile vyuma viwili vinavyogusana kuzaa moto, zilikuwa zimeota kutu ya kijani kwa ule ukungu wa mlima wetu. Akazisugua kwa msasa polepole, huku akisikiliza mzee anavyokohoa ndani. Akafunga. Nikazungusha, na kila mtu akausikia moto ukilia kwenye ule waya. Ta, ta, ta. Gwakisa akarudisha waya mahali pake, akajifuta mikono kama mtu aliyemaliza.

Nikazungusha. Haikuwaka.

"Umeme wako wa redio huo," Subilaga akasema. "Unasema, hautendi."

"Na wewe mama pombe, una kipi cha kutuambia?"

"Nina pua, mwanangu. Gari limezungushwa asubuhi nzima na halinuki petroli. Umeona wapi pombe inaiva bila harufu?" Akafungua tenki, akainama juu yake kama juu ya mtungi wake, akarudi nyuma upesi. "Imechacha! Hii inanuka rangi ya mlango." Tukaimwaga yote. Akaniambia nifungue kabureta, akanusa kitundu kimoja kimoja mpaka akafika kwenye kile kilichogandiwa na uchafu wa petroli ya zamani. Akakizibua kwa unyoya wa kuku, akakipuliza kwa mdomo wake mwenyewe, akatema, akatukana kidogo, akaomba radhi kwa mchungaji aliyekuwa dirishani. Tukatia petroli mpya.

Nikazungusha. Injini ikakohoa mara moja, kohh, ikakata.

Mchungaji akatuambia, "Fanyeni haraka. Anauliza kama ni gari au ni yeye aliyekohoa."

Hapo ndipo Tusajigwe akaja. Alipita upande wa nyuma, mgongo ameuelekeza kwenye dirisha la babamkwe wake, akachuchumaa kwenye bomba la moshi. Akaweka kiganja mdomoni mwa bomba. "Zungusha," akaniambia. Nikazungusha. Akasema, "Halipumui. Hewa inaingia, haina pa kutokea."

Akakunja waya, akauingiza ndani, akavuta. Kikatoka kitambaa. Akavuta zaidi. Hakikuwa kitambaa, lilikuwa sweta. Limeungua pembeni, jeusi kwa masizi, limesokomezwa kwa nguvu kwa fimbo. Akalipapasa mshono wa kola kwa kidole gumba, na sote tukajua kabla hajasema. Alilifuma yeye. Lilikuwa la Ambokile.

Gari halikuzeeka, jamani. Mzee alilinyonga mwenyewe, jioni ile ya mazishi. Alisahau, au alikumbuka akashindwa kutamka? Sijui, na mimi ni mtu wa kujua mambo.

Tusajigwe hakulia kwa sauti, maana babamkwe angesikia. Aliliweka sweta kifuani, akabaki palepale chini kwenye nyasi. Gwakisa, mwenye sikio lile, aliondoka akasimama mbali.

Nikazungusha ufunguo. Landrova ikawaka. Ikanguruma mpaka kuku wakaruka, mpaka madirisha yakatetemeka, moshi ukatanda ua mzima. Watu walitoka mashambani wakikimbia. Wengine walidhani kuna mgonjwa wa kubebwa.

Mchungaji anasema mzee alifungua macho. Alisikiliza kitambo. Akasema, "Mwanangu kaiwasha." Kisha akakata roho.

Mwanangu yupi? Mzee alimwita Gwakisa mwanangu. Subilaga alimwita mwanangu, mama mzima yule. Mchungaji alikuwa mwanangu. Au alikuwa anamwona Ambokile mwenyewe kwenye usukani? Neno moja tu, akaondoka nalo.

Tukafika kaburini. Jeneza likateremshwa. Mchungaji akasema, "Mtoto wa marehemu ajitokeze." Wakasogea.

Gwakisa akasema, "Bila moto hakuna injini. Ningekaa kwenye kibanda changu, mzee angekufa katika ukimya aliouogopa."

Subilaga akasema, "Huo moto wako ungeunguza nini? Nimemeza uchafu wa gari lile, mpaka leo nautema. Mimi ndiye niliyelikohoza."

Tusajigwe hakusogea. Wazee ndio waliosema kwa niaba yake, wakagawanyika. Mmoja akasema, "Mkwe hawezi kumsimamia babamkwe kichwani. Hajawahi hata kumwona uso." Mwingine akamjibu, "Ndiyo, na miaka yote ni nani aliyemlisha? Na aliyemfungulia pumzi ni nani?" Alipoulizwa mwenyewe alisema, macho chini, "Mimi nimetoa kilichokuwa changu. Baba alisema atakayeiwasha. Amueni ninyi."

Mimi nimejitoa. Nimejitoa nusu, maana ukiuliza kwa Kiswahili cha kawaida nani aliwasha gari, watu hutaja aliyeshika ufunguo, na ufunguo niliushika mimi. Betri pia nimeirudisha mwenyewe. Ila sijidai, msibani hapafai.

Ondoa moto, haiwaki. Ondoa petroli, haiwaki. Acha lile sweta mahali pake, haiwaki. Na udongo wa kwanza ni konzi moja, haigawanyiki. Mkono wa pili tayari si wa kwanza.

Majembe yamelala juu ya nyasi, hakuna anayethubutu kuyagusa. Ukungu unashuka, mchungaji amefunga kitabu, na Mzee Mwaijande yuko pale chini, wazi, anamngoja mtoto wake. Haya, ninyi mliokaa hapa, wakubwa kwa wadogo: mngemwambia nani ainame achukue udongo?