Mguu Mmoja Chini

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo? Wakubwa mnashindwa na watoto? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Wewe unayetafuna, meza kwanza. Leo hakuna kucheka.

Hapo zamani za kale palikuwa na Punda na mkewe, Bi Kijivu. Walipendana, wallahi walipendana. Mwaka huo jua likawaka, likawaka, likawaka. Nyasi zikaisha. Zilibaki kwenye boma la Fisi tu, kando ya mto, na lango kalifunga Fisi mwenyewe. Bi Kijivu akakonda, akaanguka nje ya lango, hawezi kusimama.

Punda akaenda kwa Fisi. "Bwana Fisi, mke wangu anakufa. Nifungulie."

"Kwanza niletee chumvi yangu kutoka ng'ambo. Yote, safari moja. Ukipunguza hata kikapu, lango silifungui."

"Na mzani wa darajani unaopima mizigo, Bwana?"

Fisi akacheka, hii! hii! hii! "Mguu mmoja wa nyuma uache chini. Wenzako wote ndivyo wapitavyo. Na ukiulizwa, hunijui."

Punda akavuka daraja bila mzigo, akafika ng'ambo, akapakia. Mgongo ukapinda. Akarudi, ko! ko! ko! mpaka mtoni. Milimani kulinyesha; mto umefura, unanguruma. Daraja lilikuwa la kamba za mizizi, hilo tu, hakuna lingine. Hapo alikaa Kobe, mlinzi wa mzani. Mzani wenyewe ni gogo juu ya kigingi: huku anapanda mwenye mzigo, kule limekaa jiwe. Jiwe likiinuka, umezidi.

Punda akapanda kwa miguu yote minne. Jiwe, juu!

"Umezidi, ndugu yangu," akasema Kobe. "Sasa sikiliza haki zako, maana aliyekutuma hatakwambia. Unayo haki ya kushusha kilichozidi, nikakitunza hapa. Unayo haki ya kupimwa tena. Na faini hutoa mwenye mzigo, siyo mwenye mgongo. Mzigo wa nani huu?"

"Wangu," akasema Punda.

"Basi shusha kidogo, upite salama."

Masikini Punda! Kushusha alitaka. Lakini kule ng'ambo alimwona mkewe, kalala mavumbini, na lango limefungwa vilevile.

"Ngoja niupange vizuri," akasema. Akazunguka, akavuta kamba, akafunga kama ulivyokuwa. Akapanda tena. Mguu mmoja wa nyuma, chini kwenye udongo. Kobe alikuwa mbele, analitazama jiwe. Jiwe, tuli.

"Pita, ndugu yangu."

Akapita. Lakini darajani, jamani, hakuna udongo wa kuachia mguu. Yote minne ilikuwa juu ya kamba. Krrr! Punda akasimama. Krrr! Bi Kijivu akainua kichwa, akamwita. Punda akapiga hatua.

Pwaaa!

Chumvi ikayeyuka. Mto ukambeba Punda, ukamzungusha, ukamtupa upande uleule wa chumvi alikotoka. Daraja halipo.

Fisi akaja mbio ukingoni. "Nani kampakia hivyo?" akapaza sauti. "Mimi simjui huyu!" Akarudi zake bomani. Lango hakuligusa.

Kobe akamwendea Punda. "Mzigo ulikuwa wake, siyo?"

Punda akaitikia kwa kichwa, akamweleza habari za lango.

"Sasa kwa nini hukusema? Ningemwita hapa mbele ya wanyama wote. Chumvi yake ingebaki kwangu mpaka afungue lango."

Punda akageukia mto, akalia, "Hii-hoo! Hii-hoo!" Ng'ambo Bi Kijivu akajibu. Kesho yake akalia tena. Jibu likaja dogo, kwa shida. Siku iliyofuata akalia, akasikiliza. Ukasikika mto tu.

Ndiyo maana hadi leo Punda akimaliza kulia hutega masikio. Mmewahi kumwangalia? Anasubiri kujibiwa.

Basi, ninyi mnaobeba vya watu, daini haki yenu palepale mzanini, kwa sauti. Mzani mtaudanganya, daraja hamtalidanganya. Nanyi mnaowabebesha wenzenu, mnajijua.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni. Mwenye machozi ayafute, tukalale.