Sare Iliyomwasha Nyamizi

Mwalimu mmoja wa kwaya alikuwa na waimbaji ishirini, na mmoja wao, dada aliyeitwa Nyamizi, alizaliwa na ngozi nyepesi kuumia. Tangu utotoni mama yake alimvika pamba tupu, kanga zilizofuliwa mpaka zikalainika, kwa sababu nguo nyingine yoyote ilimtoa vipele. Hakuwa mgonjwa. Hakuwa na maringo. Ngozi yake ilikuwa hivyo, kama vile wengine walivyo warefu na wengine wafupi, na akiwa ndani ya pamba aliimba sauti ya kwanza bila mtu kujua kwamba ana shida yoyote.

Kwaya ikataka kurekodi video. Mwalimu Ezrom na kamati yake wakachagua sare mpya, nailoni ya zambarau inayong'aa. Mjue kwamba kanisa lile limezungukwa na mashamba ya pamba, na nusu ya waimbaji walikuwa wametoka kuvuna wiki ileile. Lakini pamba, walisema, inajikunja, haing'ai, na kwenye video watu wataonekana kama wametoka shambani. Kana kwamba hawakutoka huko!

Nyamizi akamfuata mwalimu kwa adabu. Akamweleza kwamba nailoni inamwasha, akaomba ashone sare ya rangi ileile na mshono uleule, ila ya pamba. Akakataliwa. Akaomba basi avae blauzi ya pamba kwa ndani. Akakataliwa tena, na likatolewa tangazo mbele ya wote kwamba sare ivaliwe peke yake, bila blauzi wala fulana chini yake, isije ikaonekana imevimba.

"Sare maana yake tuwe sawa, dada Nyamizi," mwalimu alimwambia. "Wenzako wote wanavumilia. Wewe ni nani?"

Basi akavumilia. Mazoezi ya kwanza alirudi nyumbani shingo imevimba. Ya pili, vipele vikamjaa kifuani na kwapani. Ya tatu vikapasuka, na alipoivua sare ile ilikuwa imemnata mwilini, ikatoka na damu. Hakumlalamikia mtu, kwa sababu alipenda kuimba kuliko alivyoogopa maumivu, na hilo ndilo linalonichoma zaidi kila ninapoisimulia habari hii.

Mnadhani walimhurumia? Waliomvika kitambaa kile ndio waliokuwa wa kwanza kumkimbia. Waimbaji wa kushoto na kulia kwake wakasogea pembeni. Mmoja akauliza kama ugonjwa ule unaambukiza. Kamati nayo ikakaa, ikafungua kwa sala na kufunga kwa sala, na katikati ya sala hizo mbili ikaamua kwamba siku ya kurekodi Nyamizi akae benchi la nyuma, asionekane. Walimtia vidonda, kisha wakamtenga kwa sababu ya vidonda. Mkiniona nina hasira, msiniulize sababu.

Siku ikafika, jua kali. Nyamizi alikaa nyuma na gauni lake kuukuu la pamba, akifuatisha wimbo kwa midomo tu. Mwalimu alipoinua mikono kuongoza kibwagizo, mshono wa kwapa ukafumuka mpaka kiunoni, na watu wote wakaona. Chini ya nailoni ile mwalimu alikuwa amevaa fulana ya pamba, nyeupe, nzito, mpya kabisa.

Wimbo ukakatika. Nyamizi akasimama kule nyuma, akasema bila kupaza sauti, "Mwalimu, kumbe hata wewe inakuwasha."

Wajumbe wa kamati wakashika kola zao wakazivuta juu, na waliosimama karibu nao wakajua kwamba nao wanaficha fulana. Kisha mwalimu akaomba pini, akaubana ule mshono, akamwambia mpiga picha aanze upya. Hakuna aliyemwita Nyamizi mbele. Wimbo ukarekodiwa mpaka mwisho, na wanaouona wanasema kwaya ile inapendeza sana.

Ndugu zangu, mtu akimuumiza mwenzake bila kujua, naweza kukaa naye nikamweleza. Huyu alijua. Siku ileile aliyoijaribu sare, ngozi yake mwenyewe ilimwambia ukweli, naye akaisikiliza upesi, akaenda kutafuta fulana. Nyamizi alipomwambia ukweli huohuo kwa mdomo wake, akamuuliza yeye ni nani. Na ninyi mliokaa hapa mkitikisa vichwa, mna watu majumbani mwenu na makazini mwenu mliowawekea masharti yanayowachubua, na kila wakiwalilia mnawajibu kwamba kila mtu anavumilia. Sina neno refu la kumalizia. Wewe unayemwambia mwenzako avumilie, umevaa nini kwa ndani?