Kijiji Kisicho na Waya

Asiyekuwepo na lake halipo. Maana yake, penye mashauri hukumbukwa waliokaa mezani, na aliye mbali husahaulika pamoja na haja yake. Kisa hiki ni kweli tupu. Msimulizi wake ameapa kwa meno yake yote manne yaliyosalia.

Katika milima ya Rodopi vijiji vitatu vilijiwekea mtandao wao wenyewe: Vodenets bondeni, Sredok katikati, na Orlitsa juu kabisa, ambako ukungu huwa mzito hata kondoo huuegemea wakasinzia. Kila kijiji kilikuwa na ruta, kisanduku kinachowaambia wenzake njia za kupitia. Orlitsa haikuwa na waya wa kufika Vodenets. Fundi Lazar akaunganisha ruta hizo mbili kwa kiungo cha kufikirika kilichopenya Sredok, nazo zikaamini ni majirani wa ukuta kwa ukuta, ijapokuwa kati yao palikuwa na kijiji kizima na mbuzi wake.

Vuli moja, mwenye hoteli fulani alichomeka ruta yake ya kijanja, ikawadanganya wenzake kwamba njia zote zapitia kwake. Wanamtandao wakakutana mkahawani Vodenets, ambako kwa desturi huamua waliopo, glasi mkononi. Wakakata shauri: kila ruta itoe neno la siri kabla ya kuaminiwa. Stamena, mtunzaji wa ruta ya Orlitsa, hakushuka; mumewe Kolyo alikuwa amevunjika mguu. Lazar akapita akiweka neno hilo kwenye kila waya aliouona.

Kwa majuma kadhaa mambo yalikuwa shwari, kwani viungo vya aina ile, vikishajuana, havisumbuani kwa salamu wala kuulizana neno upya. Kisha radi ikakata umeme. Uliporudi, ruta ya Orlitsa ikabisha hodi upya bila neno, ikafungiwa mlango.

Ilikuwa Jumamosi, na alasiri hiyo Asen, mwana wao wa pekee, alikuwa anaoa Kanada. Stamena angewabariki maharusi kwa mkate na asali kupitia skrini. Mkate ulikuwa unafuka mvuke mezani. Skrini nyeusi kama chungu.

"Na wasipokuona?" Kolyo aliuliza kutoka kitandani.

"Watadhani nimemkataa bibi harusi."

"Si ulimkataa kweli?"

"Hiyo ilikuwa mwaka jana."

Akanyanyua simu ya mezani, akampigia Lazar.

"Mama Stamena, nyaya zote nimezikagua. Zote zina neno."

"Wa kwangu umeuona?"

"Wewe huna waya."

Zikasikika kurasa za daftari la Lazar zikipekuliwa.

"Nilikusahau, mama," akasema hatimaye. "Kiungo chako nacho ni sehemu ya uti wa mgongo wa mtandao. Hakionekani tu."

"Ningekuwapo mkahawani ungeniona. Mimi si mwembamba."

"Tukipe neno lake chenyewe. Ila laini hii husikilizwa na binamu wa yule mwenye hoteli."

"Sisikilizi," sauti ya tatu ikajibu.

"Basi mama, andika kile ulichonilisha siku niliyofunga ruta yako. Nami naandika huku."

Stamena akaandika, herufi moja baada ya nyingine, kama achambuaye mchele. Taa ya kijani ikawaka. Skrini ikajaa Asen, na kando yake Noemi, shela kichwani, macho yamemvimba.

Stamena akamega mkate, akauchovya katika asali, akausogeza kwenye skrini. "Fungua mdomo, mwanangu," akamwambia Noemi. Noemi akafungua, huku akilia na kucheka. Asen akamlisha mkate wa kule.

Hapo msimulizi huongeza kwamba asali ilidondoka upande wa Kanada, na kwamba neno lile lilikuwa supu ya maharage. Jana mkahawani, alipofika hapo, mtu akakohoa nyuma yake. Alikuwa Stamena, ambaye siku hizi hakosi kikao.

"Supu ya maharage ulilishwa wewe? Siku hiyo ulikuwa wapi, Metodi?"

Msimulizi, Mzee Metodi, akakuna kichwa. "Kwa daktari wa meno."

"Basi inunulie pombe ya rakia meza nzima."

Akalipa bila kubisha, maana asiyekuwepo na lake halipo.