Simu Tatu Mifukoni mwa Kessy

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi maana simu za mkononi zilikuwepo, palikuwa na madaktari watatu katika hospitali ya wilaya moja ya milimani. Wa kwanza Atupele, binti wa palepale milimani. Wa pili Siwatu, aliyetoka Pangani na hakuwahi kuizoea baridi. Wa tatu Kessy, kijana mwembamba mwenye koti jeupe lenye mifuko mingi kupita kiasi. Kaeni vizuri. Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi na bado inanichanganya, labda leo nitapata msaada.

Wote watatu walikuwa wanatibu, wanaandika dawa, watu wanawaheshimu. Lakini wote watatu walitaka kitu kimoja, kusomea ubingwa wa upasuaji wa watoto. Ubingwa huo ulifundishwa mahali pamoja tu, hospitali kuu ya mjini. Ili ufundishwe lazima usailiwe, na ili usailiwe lazima uitwe. Atupele akaomba. Siwatu akaomba. Kessy akaomba. Wakasubiri.

Sasa sikilizeni desturi ya wale wakubwa wa mjini, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Walikuwa wanaita watu wengi kuliko viti vya usaili walivyokuwa navyo. Ujumbe unaingia kwenye simu: umeitwa kwenye usaili, jibu NDIYO. Wanaojibu upesi wanapata viti. Anayechelewa, hata kama alikuwa ananawa mikono, anaambiwa nafasi zimejaa, jaribu mwakani. Na siku ya ujumbe haitangazwi. Inaweza kuwa kesho, inaweza kuwa mwezi ujao, inaweza kuwa imeshapita na wewe hukuitwa. Mimi nisingeweza, nasema kweli.

Wakasubiri. Atupele alisubiri akitibu, simu mfukoni. Siwatu alisubiri akila, simu kando ya sahani. Kessy alisubiri akilala, yaani hakulala, simu juu ya kifua. Shangazi wa mtu akituma salamu, watatu wanaruka. Kampuni ya simu ikituma tangazo la vifurushi, watatu wanaruka.

"Hivi kimya maana yake tumekataliwa?" Siwatu akauliza siku moja wakinywa chai. "Au maana yake bado wanatusoma?"

"Mwaka jana nilijiuliza hivyo hivyo, mdogo wangu," Atupele akasema. "Na mwaka juzi. Mpaka leo sijui." Maana Atupele alikuwa mkongwe wa kusubiri, na ndiye aliyewasukuma wenzake nao waombe.

Tatizo lao kubwa lilikuwa mlango wa chumba cha upasuaji. Daktari haingii mle na simu. Ukiingia unaiacha nje, na ukishapasua tumbo la mtu huwezi kusema samahani, nasoma ujumbe. Basi wakaweka ahadi. Aliye nje atashika simu za walio ndani. Ujumbe ukija, awajibie walio ndani kwanza, yake iwe ya mwisho. Wakaondoa namba za siri ili kila mmoja aweze kufungua simu ya mwenzake. Maneno hayo ya ahadi aliyatamka Kessy. Atupele akaitikia. Siwatu naye akaitikia, ila alikunja uso. "Naahidi," alisema, "lakini jamani, msinitie majaribuni."

Ikaja asubuhi moja ya ukungu. Mama mmoja akafika amembeba mwanawe Ambwene, tumbo limevimba, analia bila sauti. Siwatu ndiye aliyempokea, akamgusa tumbo mara moja tu. "Utumbo umejisokota," akasema. "Huyu hasubiri gari la kwenda mjini. Aingie sasa hivi."

Zamu ya kuingia siku hiyo ilikuwa ya Atupele na Kessy. Siwatu alikuwa wa nje. Lakini Kessy aliponyoosha mikono ainawe, mikono ikawa inatetemeka. Usiku mzima alikuwa ameitazama simu. Akamvuta Siwatu pembeni.

"Dada, ingia badala yangu. Mikono yangu hii nitamuua mtoto wa watu."

Siwatu akaitazama mikono ya Kessy, akaitazama simu yake, akavuta pumzi. Akamkabidhi simu, akaingia. Atupele naye akakabidhi simu, akaingia. Mlango ukafungwa. Atupele akashika kisu, Siwatu akasaidia. Kessy akabaki kwenye benchi la nje na simu tatu, ya Atupele mfuko wa kulia, ya Siwatu mfuko wa kushoto, yake mfuko wa kifuani.

Kwenye benchi hilo alikuwepo mama Ambwene, kanga ya mtoto mapajani.

"Na wewe unasubiri nini, dokta?" mama akamuuliza.

"Nasubiri kuitwa, mama."

"Na mimi nasubiri kuitwa," mama akasema, akaukazia macho mlango.

Hapo hapo mifuko yote mitatu ikatetemeka.

Kessy akasimama. Akili ikamruka. Akatoa simu ya kwanza iliyokuja mkononi, ikawa ya Siwatu. Akairudisha. Kwa nini aliirudisha? Mwenyewe alipoulizwa baadaye alisema Atupele ndiye aliyeshika kisu, na ndiye aliyesubiri zaidi. Wengine husema alikuwa anampenda Atupele. Mimi siyasemi hayo, nayapita tu. Akatoa simu ya mfuko wa kulia, akajibu NDIYO, ikajibiwa papo hapo: umepata nafasi.

Akatia mkono mfuko wa kushoto. Mlango ukafunguliwa. Sista akatokeza kichwa.

"Dokta, damu. Mtoto anapoteza damu nyingi. Kimbia maabara."

Sasa nyie mngefanya nini? Kubonyeza neno moja kunachukua muda gani? Lakini mama alikuwa amesimama, ameyasikia yote, anamtazama Kessy mikononi. Kessy akakimbia. Akakimbia na simu mbili zinatetemeka mifukoni, zinamkumbusha, naye anakimbia. Akaichukua damu, akarudi nayo mbio, akaipitisha mlangoni. Ndipo akajibu simu ya Siwatu. Nafasi zimejaa. Akajibu simu yake. Nafasi zimejaa. Akaketi kwenye benchi na hakujua acheke au alie, basi akakaa tu.

Mtoto akapona. Hilo niwaambie mapema msije mkaacha kunisikiliza kwa wasiwasi.

Atupele na Siwatu wakatoka wamechoka, wameridhika. Kessy akawaeleza. Kisha Atupele akaichukua simu yake akapiga mjini kuuliza kama wenzake wanaweza kuongezewa viti. Akapokea mzee mmoja mpole wa ofisi ya usaili.

"Viti vimekwisha, mwanangu," mzee akasema. "Lakini nyote watatu mliitwa, kwa hiyo kiti chako ukitaka kumwachia mmoja wa wenzako, nitabadilisha jina. Kubalianeni. Nipigieni kabla sijafunga ofisi. Nikishafunga, jina lililopo ndilo hilo."

Heri asingesema. Maana mpaka hapo kiti kilikuwa cha Atupele na kila mtu alikuwa anajilazimisha kumpongeza.

Siwatu ndiye aliyeanza. "Dada Atu, nakupenda, lakini sitanyamaza. Leo mimi nilikuwa wa nje. Simu yangu ingekuwa mkononi mwangu. Niliingia kwa sababu Kessy aliniomba, nikampa mtoto wa watu mikono yangu na Kessy nikamwachia simu yangu. Ameishika, ameitazama, ameirudisha mfukoni. Mimi niliyeingia badala yake."

"Ungekuwa wewe nje, ungejibu ya nani kwanza?" Kessy akamuuliza.

Siwatu akamtazama usoni. "Yangu," akasema mwishowe. "Sitawadanganya. Nafikiri ningejibu yangu. Lakini sikufanya hivyo, Kessy. Mtu anahukumiwa kwa jambo alilolifanya."

"Basi nami nihukumiwe kwa nililolifanya," Kessy akasema. "Yangu ilikuwa hapa kifuani. Nikiinamisha kichwa tu naiona. Niliiacha iwe ya mwisho kama tulivyoahidiana. Ningevunja ahadi, leo kiti ni changu na hakuna ambaye angejua. Halafu nikaitwa damu, nikakimbia."

"Ulikuwa nje kwa sababu hukulala," Siwatu akasema.

"Nilikuwa nje kwa sababu niliogopa kumuua mtoto. Hilo nalo ni kosa?"

Hilo nawaachia nyie.

Wakamgeukia Atupele. Alikuwa bado amevaa kofia ya upasuaji. "Mimi nimeombea kiti hiki mpaka nimechoka kuomba," akasema taratibu. "Nyie ndio mara yenu ya kwanza. Mtoto yule nimemshona kwa mikono hii. Kiti kimekuja kwa jina langu, sikumwibia mtu. Lakini sikuinua hata kidole kukipata, na sijui kwa nini siwezi kufurahi. Nikikichukua, nitakikalia vipi? Nikikitoa, nampa nani? Nikimpa Siwatu, nimemdhulumu aliyetunza ahadi. Nikimpa Kessy, nimemdhulumu aliyemwokoa Kessy."

"Basi kaa nacho," Kessy akasema.

"Chukua tu, dada," Siwatu akasema, lakini alikuwa analia.

Sista akafungua mlango wa wodi. "Mama Ambwene," akaita. "Mama Ambwene, ingia, mtoto ameamka." Mama akainuka na kanga yake. Alipopita mbele yao akawashika mikono mmoja mmoja, Atupele, Siwatu, Kessy, kisha akarudia tena kwa sababu hakujua amshukuru nani zaidi. Akaingia. Yeye alikuwa ameitwa.

Saa ya ofisi ikakaribia. Atupele akapiga ile namba. Mzee akapokea, na nyuma yake zilisikika funguo.

"Haya, mwanangu," mzee akasema. "Niandike jina la nani?"

Wenzake wakamtazama. Atupele akafumbua mdomo, akataja jina moja, mzee akaliandika, akafunga ofisi.

Jina hilo mimi silijui. Aliyenisimulia alitaja moja, mkewe akamkatiza akataja jingine. Mimi nikilala namchagua Siwatu, nikiamka namwonea huruma Kessy, na nikianza kuwasimulia watu nagundua kwamba Atupele hakukosa lolote. Basi leo simu naiweka sikioni mwenu, mzee anasubiri na funguo ziko mkononi. Atupele aliyesubiri zaidi, Siwatu aliyeingia badala ya mwenzake, Kessy aliyejiweka wa mwisho. Je, nani alistahili kuitwa?